Mashavu ya Bonasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Uliyeko jikoni, punguza moto kidogo. Uliyeko shambani na redio imefungwa kwa kikapu, pumzisha mikono, majani hayatakimbia. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Tunamkumbuka Phelis Gesare wa Roret, mama wa kwaya, mkulima wa chai, mke wa Morris Gachanja yule mwenye duka la misumari na mabati pale sokoni. Phelis alifariki wiki iliyopita, usingizini. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Tulimzika Ijumaa.

Nasema tena kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi. Ni Phelis Gesare, mama wa kwaya, wa Roret.

Mimi nimezunguka nchi hii sana, na nimesimama kwa makaburi ya watu wengi, wengine hata sikuwajua. Lakini foleni kama ile ya Ijumaa sijaiona. Jeneza lilipofunguliwa ili watu waage, wote walipita upande mmoja. Walipita upande wa kulia. Upande wa kushoto ulibaki wazi, hata nyasi hazikukanyagwa. Hakuna mtu aliyetangaza. Mgeni mmoja kutoka Kericho aliona foleni ni ndefu akataka kukata kona apitie kushoto. Mama mmoja akamshika koti pole pole akamwambia, "Hapo hasikii."

Ni kweli. Sikio la kushoto la Phelis halikusikia kitu kwa karibu miaka thelathini. Kilichoua sikio hilo ni matumbwitumbwi, ule ugonjwa ambao wengine wenu mnauita machubwichubwi. Na kilichoficha ugonjwa huo hadi ukafika mbali ni bonasi. Ngojeni nieleze.

Anayelima chai anaujua mwezi wa kumi. Kiwanda kinalipa bonasi. Bucha zinafunguliwa mapema, watoto wanapata viatu, na watu wananona. Hapa kwetu mtu akijaa uso mwezi huo tunasema ameota mashavu ya bonasi. Ni sifa. Maana yake nyumba yako iko sawa na mume wako ana akili.

Sasa Phelis alikuwa mwembamba. Alizaliwa upande wa Kisii, akaolewa Roret na Morris, Mkikuyu ambaye baba yake alikuja huku kufanya biashara. Mama mkwe wake aliitwa Wangeci, Mungu amrehemu, na walikaa boma moja. Wangeci hakuwa mtu mbaya. Lakini kila mwezi wa kumi alikuwa anamtazama Phelis kutoka chini hadi juu, halafu anamuuliza mwanawe, "Morris, huyu unamlisha nini? Watu watasema bonasi unaimalizia hotelini peke yako."

Morris anacheka. Phelis naye anacheka. Lakini aliniambia mwenyewe siku moja tukiwa tumeketi nje ya duka, mimi nikiwa kulia kwake, kwamba hayo maneno yalikuwa yanaingia. "Ni mzaha, lakini ni mzaha wa kila mwaka," alisema.

Basi ukafika mwezi wa kumi wa mwaka huo. Binti yao Lynn alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Wasikilizaji wapendwa, mnisikilize hapa vizuri. Ugonjwa haukuanza na shavu. Ulianza na uchovu. Phelis alikuwa na mkono mwepesi kwa kuchuma, lakini asubuhi hiyo wenzake walimpita kwa mstari wakamwacha nyuma. Kichwa kinauma. Viungo vinauma kama mtu aliyebeba mbao. Joto kidogo la mwili, si la kutisha. Ugali hauna ladha. Akasema ni malaria, au ni ile baridi yetu. Akanunua tembe za kichwa akameza, akarudi shambani. Wewe pia ungefanya hivyo. Dalili hizo ni za magonjwa mengi.

Ile iliyofuata ndiyo ya kuangalia. Jioni alipita kwa jirani yake Chepkurui. Hawa wawili walikuwa kama dada. Chepkurui akatoa kibuyu cha mursik, maziwa yetu yale machachu, wakanywa kwa kupokezana kama kawaida. Phelis akameza fundo moja tu. Akashika uso.

"Ilinidunga kama mwiba," aliniambia. "Hapa, chini ya sikio. Machozi yakatoka."

Chepkurui akamcheka. "Mama Lynn, hii ni mursik, si pilipili."

Uso ulikuwa bado haujavimba. Lakini hiyo ilikuwa dalili, na wote wawili hawakuijua. Chini ya sikio, pale taya linapokunja kona, kuna tezi ya kutoa mate. Ukionja kitu kichachu, iwe mursik, iwe ndimu, iwe tunda la pasheni, tezi inajikamua. Kama ina matumbwitumbwi, inauma vibaya. Inauma hapo chini ya sikio, haiumi kwa jino. Mtu anaweza kusikia uchungu huo kabla hujaona shavu limebadilika.

Baadaye shavu la kushoto likajaa. Halafu la kulia nalo likajaa. Phelis akabeba majani yake kwenda kituo cha kupimia, uso umekuwa mviringo. Chepkurui ndiye aliyeanza. Mnajua Kiswahili cha majirani zetu, b kwao inageuka p, na Chepkurui mwenyewe alinirudishia hivyo hivyo kwa mazishi, akicheka na kulia. Alisema mbele ya watu wote, "Ponasi imefika. Angalieni Mama Lynn. Imepita tumbo, ikaenda moja kwa moja kwa mashavu."

Kituo kizima kikacheka. Karani wa mizani akaongeza yake. "Mama, ukiendelea hivi nitakupima wewe pamoja na majani."

Phelis akarudi nyumbani. Wangeci alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Sasa unafanana na mke wa mtu."

Hilo neno Phelis alikuwa amelingoja tangu aolewe. Na sasa angesema nini? Angesema, Mama, si kunona, ninaumwa? Hakusema. Aliingia ndani akajitazama kwa kioo na akafurahi. Hivyo ndivyo alivyoniambia. "Nilikuwa nameza mate kwa uchungu, lakini natabasamu. Nilijiambia itapungua yenyewe, na sifa nitakuwa nimeshapata."

Akafunga kitambaa kichwani, akakisogeza nyuma, ili mashavu yaonekane.

Jumapili akaenda kuimba. Katikati ya ubeti wa pili sikio la kushoto likapiga mluzi. Sakafu ya kanisa ikainama. Akashika benchi. Mluzi ukapungua, ukapungua, halafu upande wote wa kushoto ukanyamaza, kama mtu amefunga mlango taratibu akaenda zake. Waimbaji wa kushoto walikuwa wanaona midomo yake inacheza, naye anaona yao, lakini yeye hawasikii hata kidogo.

Morris akampeleka zahanati. Muuguzi akamgusa chini ya masikio yote mawili. Akatafuta ile kona ya taya kwa kidole, asiipate, imezama ndani ya uvimbe. Akauliza amekaa na uvimbe huu tangu lini.

Morris akajibu, "Lakini madam, si hii ni bonasi?"

Muuguzi hakucheka. Alisema ni matumbwitumbwi, na akamtuma hospitali kubwa kwa ajili ya sikio. Huko wakajaribu. Sikio halikurudi.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu Phelis mwenyewe hakupenda hadithi yake ipakwe mafuta. Hata angeenda siku ya kwanza, huenda sikio lingepotea tu. Ugonjwa huu unaletwa na virusi, na dawa ya kuviua hakuna. Unapumzika, unakunywa maji mengi, unapewa dawa ya uchungu na joto. Wengi wanapona bila kubaki na alama yoyote. Yeye alikuwa katika wale wachache. Lakini kuna watu ambao huenda angewaokoa. Lynn aliugua. Na nyumba ya Chepkurui ililala kitandani yote.

"Ile kibuyu tulikunywa sisi wawili, halafu nikapea watoto," Chepkurui aliniambia Ijumaa. "Wakafura kama mandazi. Walipona, lakini mimi nilikuwa nimecheka mbele ya watu."

Ugonjwa unapita kwa mate, kwa kukohoa, kwa kikombe kimoja. Na nasema tena, unaanza kupita hata kabla shavu halijavimba.

Phelis hakuacha kwaya. Alichofanya ni kupanga upya. Alisimama mahali ambapo wanawake walikuwa kulia kwake, na sauti ya nne, wanaume wazito wale, akawaweka kushoto. Wanaume wakafurahi sana. Walikuwa wanaongea mambo ya mpira mazoezi yote. Siku moja akageuka ghafla akawaambia, "Mimi sisikii, lakini nina macho. Hakuna wimbo wenye neno offside."

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Morris anakubali kwamba akiwa na makosa alikuwa anatembea upande wa kushoto. "Na yeye alikuwa anajua," alisema. "Ukimtafuta upande wa kushoto tu, anakuuliza, Baba Lynn, umefanya nini leo?"

Lakini jambo moja alilishika. Kila mwezi wa kumi, mtu akisifiwa mashavu, Phelis alikuwa anamtazama chini ya masikio. Wakati mwingine alikosea. Mwalimu mmoja alifukuzwa mazoezini kumbe ana jipu la jino, akanuna mwezi mzima. Phelis akamwomba msamaha, kisha akaendelea kutazama.

Sasa nifike kwa ile siku ambayo ukienda Sotik au Roret bado inazungumzwa.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, mwezi huo huo wa bonasi. Lynn alikuwa amekua, na amepata mchumba. Onsongo ni kijana Mkisii wa Sotik, familia ya ng'ombe wa maziwa. Wakwe wakaja Roret kupanga siku ya harusi. Kiongozi wao alikuwa mjomba wa kijana, Mzee Nyagaka, mtu wa maneno laini na macho makali. Dada ya Morris, shangazi Bilhah, ndiye alikuwa anaongoza jikoni.

Onsongo akaingia na uso umejaa. Wanawake wakaguna kwa furaha. Bilhah akasema, "Lynn, huyu hata hajaoa na amenona. Ukimpikia atapasuka."

Mzee Nyagaka akajibu, "Sisi hatuleti kijana mwenye njaa kwa watu."

Watu wakacheka. Ikaja nyama, ikaja kachumbari iliyokamuliwa ndimu. Phelis alikuwa ameketi mbali, karibu na dirisha. Nitaeleza kwa nini mbali. Kwa Wakisii mama hakaribiani na mume wa binti yake. Ni heshima kubwa. Hawagusani, hata salamu ya mkono hakuna. Ukimkosea mkwe hapo, umemwonyesha watu wake kwamba huwathamini. Phelis alilelewa na heshima hiyo na alikuwa anaishika kabisa.

Kwa hiyo alikuwa anatazama chini, kama inavyotakiwa. Lakini jicho halifungwi. Onsongo akaweka kachumbari mdomoni. Akasimama kutafuna. Mkono ukapanda pole pole ukashika chini ya sikio. Macho yakajaa maji. Akajifanya anakohoa.

Lynn anasema aliona mama yake ameinua uso. "Nilijua," Lynn aliniambia. "Nikamwambia kwa macho, Mama, tafadhali, si leo."

Mfikirieni Phelis hapo. Akinyamaza, siku inaisha vizuri, harusi inapangwa, na kijana anatoka hapo kwenda kulala na vijana wenzake, kikombe kimoja, sahani moja. Wanaume waliobalehe ndio ugonjwa huu huwapata vibaya, nitasema hapo mbele. Akiongea, anawaambia wakwe wameleta ugonjwa nyumbani. Na kuongea tu hakutoshi, kwa sababu alishakosea kwa mwalimu na jipu lake. Ili ajue kabisa ni lazima aguse.

Akasimama. Akapita katikati ya wageni. Akafika kwa Onsongo, akainama, akamshika uso kwa mikono miwili, vidole chini ya masikio.

Bilhah alikuwa na sufuria ya chai mkononi, hakuimimina wala hakuiweka chini.

Mzee Nyagaka akasema kwa sauti ya chini, "Mama Lynn. Huyo ni mkwe wako."

"Najua, Mzee," Phelis akasema, na vidole havijatoka. "Ndiyo maana." Akamuuliza kijana, "Kichwa kiliuma wiki hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukachoka? Chakula kikakataa?"

"Ndiyo. Nilidhani ni safari."

"Uchungu uko kwa jino ama uko hapa?"

"Hapo tu. Hapo umeshika."

Phelis akatoa mikono. Ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, ilikuwa imesukumwa juu na nje, na kona ya taya haipo. Akawageukia wageni akasema, "Hii si kunona. Hata mimi nilisifiwa hivi, na nikafurahi. Aende zahanati leo, halafu akae nyumbani. Harusi tungoje."

Mzee Nyagaka akachukua kofia yake. Hakumaliza chai. Wakatoka wote, na gari lao likashuka kuelekea Sotik bila mtu kupunga mkono. Lynn alilia jikoni. Alimwambia mama yake maneno ambayo hataki niyaseme hewani, na sitayasema. Phelis alisimama hapo akayasikiliza yote. Lynn anasema jambo moja lilimshinda. Katikati ya hasira mama yake aligeuza kichwa, akamletea sikio la kulia, ili asikose neno hata moja.

Siku zikapita bila simu. Morris akasema labda ndiyo imeisha hivyo.

Halafu Mzee Nyagaka akapiga. Hakuomba Morris, aliomba mama. Zahanati ilikuwa imethibitisha, ni matumbwitumbwi. Kijana alikaa chumba chake peke yake, na kikombe chake, siku tano tangu shavu lianze kuvimba, kama muuguzi alivyosema. Dada yake tu ndiye aliyevimba baadaye, naye akabaki nyumbani mapema. Lakini kulikuwa na jambo lingine. Shavu lilipoanza kupungua, Onsongo alivimba korodani moja, na joto likapanda.

Nataja hilo hewani kwa sababu Onsongo mwenyewe ameniruhusu. "Taja," aliniambia. "Vijana wanaona haya. Mimi ningenyamaza. Lakini siku ile Mama alikuwa amemtuma Baba Lynn anifuate hadi kwa gari aniambie wazi, ukisikia uchungu huko chini, au kichwa kiume sana na shingo ikaze, au sikio lipige mluzi, usingoje kesho. Nikaenda hospitali usiku huo huo."

Alitibiwa, akapumzika, akapona. Harusi ikafanywa mwezi wa kwanza. Mzee Nyagaka alipopewa nafasi ya kuongea alisema maneno machache. "Mama huyu alituvunjia heshima siku moja ili atulindie kijana. Mimi nimesamehe, na ninaomba nisamehewe ile chai." Leo kuna mtoto katika nyumba hiyo, msichana, na anaitwa Gesare.

Baada ya siku ile Phelis na mkwe wake walirudi kwa heshima yao. Kwa miaka miwili hawakugusana tena. Mkwe akimtembelea, anakaa mlangoni, mama anakaa dirishani, wanasalimiana kupitia kwa mtoto.

Sasa nirudi kwa Ijumaa. Foleni ilipita upande wa kulia hadi ikaisha. Morris akainama akamwambia mkewe jambo kwa sikio la kulia, hatukulisikia, na haikuwa yetu kulisikia. Wa mwisho alikuwa Onsongo. Wakisii waliokuwepo wakatazama chini, kwa sababu walijua mkwe hapaswi kusogea vile. Akasogea. Akainama, akaweka vidole vyake chini ya masikio ya mama mkwe wake, pale pale, yote mawili. Akakaa hivyo. Mzee Nyagaka alikuwa nyuma yake. Hakumzuia. Alivua kofia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wa kituo hiki natoa pole kwa Morris Gachanja, kwa Lynn na Onsongo, kwa mtoto Gesare, kwa shangazi Bilhah, kwa jirani yake Chepkurui, na kwa kwaya yote pamoja na wale wanaume wa kushoto.

Na kwako unayesikiliza. Mwezi wa kumi unakuja. Mtu wako akichoka bila sababu, kichwa kiume, chakula kimshinde, halafu kitu kichachu kimuume chini ya sikio, usingoje shavu. Likijaa, usianze na sifa. Mtazame ndewe ya sikio. Tafuta kona ya taya. Mpe kikombe chake, akae nyumbani, umpeleke akaguliwe. Na ukiwa kliniki na mtoto, muulize muuguzi kama chanjo ya ugonjwa huu inapatikana, kwa sababu si kila chanjo ya surua ina hii ndani yake. Fikiria pia maneno tunayowarushia watu kwa mzaha kila mwaka, na kile ambacho mtu anaweza kukificha ili asiyasikie tena.

Mama Phelis, kipindi chako kimefika mwisho. Yote haya tumeyasema upande wa kulia.